Nukta Nyekundu Chini ya Kisahani

Tulimwacha Kijiko amesimama katikati ya ukumbi wa mgahawa, aproni kiunoni, na mbele yake wifi yake amekipindua kisahani juu ya kitambaa cha meza. Biringanya ya asali imemwagika. Kisahani kimelala kifudifudi, na kitakoni pake pana nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

"Hii alama ya mama," wifi alisema, na sauti yake ilifika hadi meza ya mlangoni. "Marehemu mama yangu alitia nukta hii kwenye kila chombo chake. Na mwizi wa chombo huyu hapa, kavaa aproni."

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au kuna mtu nyumbani aliyelifungia viatu, nitakudokeza kwa ufupi. Kijiko ni mpishi wa mgahawa huu wa visahani, na jina hilo kalipata kwa kijiko anachokifunga kiunoni kwa uzi, maana hakuna chakula kinachotoka jikoni kwake bila yeye kukionja. Miaka kumi na miwili iliyopita alifiwa na mume. Kabla matanga hayajapoa, ndugu wa mume wakakaa kikao. Visahani vinane vya marehemu mama mkwe, vyenye ukingo wa kijani, havionekani. Funguo za kabati alikuwa nazo nani? Kijiko. Basi mwizi halei mtoto wa watu, wakasema, na binti yake wa miaka kumi akachukuliwa na shangazi yake.

Binti huyo sasa ana miaka ishirini na miwili. Alikuwa amekaa pale pale mezani, kavaa vizuri, anamtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu aliyebisha hodi nyumba siyo.

Meza ilikuwa ya watu wanne. Wifi. Mume wa wifi, ambaye tangu wafike hakuwa amesema neno zaidi ya "nipitishie mkate". Binti. Na wa nne alikuwa mama wa mchumba wa binti, aliyealikwa chakula cha mchana ili aujue ukoo anaooa mwanawe. Mama huyu tutamwita mkwe, ingawa kwa jinsi mambo yalivyokuwa yanakwenda, ukwe wenyewe ulikuwa mashakani.

"Samahani," mkwe alisema. "Huyu mpishi mnajuana naye?"

"Hatujuani," alisema wifi.

"Ni mama yangu," alisema binti.

Mkwe akaweka mkoba wake juu ya meza, taratibu. "Mama yako? Si niliambiwa mama yako alikufa?"

Wifi akaikunja leso yake ya mezani. Kijiko akamgeukia. Kuitwa mwizi alikwisha kuzoea. Kuitwa maiti ilikuwa habari mpya.

"Umenizika lini, wifi?" aliuliza. "Ungeniambia nije nipike."

"Kwangu mimi ulikufa siku uliyomwibia mama."

"Sijamwibia mtu. Vyombo vya hapa vyote vina mwenyewe, na mwenyewe ni tajiri wangu. Mimi nimevikuta."

Hapo alisema kweli, lakini hakuisema yote, na uso wake ulimsaliti. Visahani vile alivitambua siku yake ya kwanza ya kazi, alipokisuuza kimoja na kidole kikagusa ile nukta. Akanyamaza. Angemwambia nani? Tangu siku hiyo, kila alipopika kitu kizuri kuliko vingine, alikipakulia kwenye ukingo wa kijani. Ndilo lililokuwa kosa lake, na leo lilikuwa limemwagika mezani.

Ila kuna jambo Kijiko alilikumbuka, nawe lishike. Alipochungulia kidirisha cha jikoni dakika chache kabla, alimwona wifi akipokea kile kisahani. Mtu akiona mali yake iliyoibiwa huwaka. Wifi hakuwaka. Alishtuka kwanza, rangi ikamtoka usoni, akakipindua haraka kuhakikisha. Hasira ilikuja baadaye, tena kama mtu aliyeitafuta mkobani.

"Kuna nini hapa, mabibi?"

Alikuwa tajiri, mwenye mgahawa, bwana mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kwake hapo chakula huja kidogo kidogo, tonge tatu kwa kila kisahani: uyoga wa siki, maini ya kuku juu ya mkate mkavu, kamba wa kitunguu saumu, vyakula vya kila upande wa dunia visivyojuana hata salamu. Na juu ya meza moja hakuna visahani viwili vinavyofanana. Lakini watu hawakuja kwa ajili ya kushiba. Walikuja kumsikia tajiri, maana kila kisahani alichokileta alikieleza kilikotoka. Hiki kilikuwa cha nahodha aliyezama. Kile alikipata kwa daktari aliyeoa mara saba. Wateja walikula hadithi, chakula kikawa kitoweo tu.

"Vizuri umekuja," wifi alisema. "Kisahani hiki kimetoka wapi? Tueleze kama unavyowaeleza wengine. Usipunguze."

Tajiri akakiinua, akakipangusa asali kwa leso. Ukumbi ukatulia. Hata meza ya mlangoni waliacha kutafuna.

"Hiki," alisema kwa ile sauti yake ya kazini, "kilikuwa cha mjane. Alifiwa na mume, kisha akanyang'anywa mtoto wake wa kike, wa miaka kumi."

Kijiko akageuka kumtazama tajiri.

"Mtoto huyo alikuwa halali mpaka avae soksi mguu mmoja. Mmoja tu, wa kushoto. Mama yake alibaki na soksi za kulia tele, hana pa kuzipeleka. Kila sikukuu alimshonea gauni kwa kukisia urefu, akalipima kwenye fremu ya mlango palipokuwa na alama ya penseli. Halafu analikunja, anaweka. Na visahani hivi vilifungwa kwa machozi yake."

Mtu fulani nyuma alisema, "Maskini." Mwingine akapenga kamasi.

Binti alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona anasimama.

"Soksi mguu mmoja," alisema.

Wifi akapiga meza kwa kiganja. "Mmesikia wote. Mjane. Mjane hapa ni nani? Mimi mume wangu yule, anakula. Huyu ndiye aliyeviiba, ndiye aliyeviuza, na porojo za kulia lia kaziongeza juu ili apate bei."

"Subiri, shangazi," binti alisema. Akamgeukia mama yake, na maneno yakamtoka polepole, kila moja na ncha yake. "Sahani ningekusamehe. Nilikwisha kukusamehe zamani, hata kabla hujaomba. Lakini umewapa watu soksi yangu? Kila mchana watu wanakaa hapa wananisikiliza mimi huku wanachokoa meno? Miaka kumi na miwili hukunitafuta, kumbe ulikuwa unanifanya kachumbari ya wateja wako."

Ndugu msomaji, Kijiko aliwahi kuungua mafuta, aliwahi kukatwa kisu hadi mfupa. Hakuna lililomuuma kuliko hili.

"Sijamwambia," alisema. "Mwanangu, sijawahi kumwambia mtu habari za soksi. Huyu bwana anatunga. Visahani vyote hivi ananunua kwa mafungu kwenye soko la mitumba. Hakuna nahodha. Hakuna daktari wa wake saba. Anatunga asubuhi akinyoa ndevu."

Ukumbi ukachafuka.

"Yaani nahodha ni uongo?" aliuliza bwana wa meza ya dirishani. "Mimi nimemleta mke wangu hapa mara nne kwa ajili ya nahodha."

"Nilimlilia hapa nikamaliza leso," alisema mkewe.

"Mimi visahani kumi na kimoja na bado nina njaa," alisema mkwe. "Nilidhani angalau nalipia ukweli."

Tajiri alisimama na kisahani mkononi, shingo imemwiva. Angeweza kumfukuza kazi Kijiko hapo hapo na kuwarudisha wateja wake kwenye utamu. Kijiko aliliona wazo hilo likipita usoni pake. Alifunga macho akangoja.

"Ni kweli," tajiri alisema mwishoni. "Natunga. Nahodha nimemtunga. Mnisamehe." Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Lakini hii ya mjane sikuitunga. Mimi sina akili ya kutunga soksi mguu mmoja. Hii niliisoma."

"Uliisoma wapi?" binti aliuliza.

"Kwenye makaratasi yaliyofungia visahani."

Akaenda kaunta, akavuta droo ya chini, akarudi na bahasha ya kaki iliyovimba. Ndani mlikuwa na karatasi zilizokunjamana, kisha zikanyooshwa kwa mkono wa mtu mwenye heshima. Zilikuwa nane.

"Nilinunua sanduku la visahani hivi miaka miwili iliyopita, kwa vijana wanaohamisha watu vyombo. Visahani vinane, kila kimoja kimefungwa kwa barua yake. Mwandishi kasaini 'mama yako' tu. Ningejua ni nani ningempelekea. Sikujua kuwa anapika jikoni kwangu."

"Uongo huo," wifi alisema. "Barua gani? Visahani vile nilivifunga mwenyewe kwa magazeti, kimoja kimoja."

Naomba urudie mstari huo, msomaji, kama ulivyorudiwa vichwani mwa watu wote waliokuwa pale. Wifi mwenyewe alikuwa wa mwisho kuusikia. Alipousikia, mkono ukamwendea mdomoni, lakini maneno yalikwisha kutoka na hayarudishiki.

"Ulivifunga lini, shangazi?" binti aliuliza.

"Nilitaka kusema..."

"Ulivifunga lini?"

"Kabla ya kikao," Kijiko alisema. Hakupandisha sauti, hakuwa na haja. "Alichukua funguo kwangu siku ya mazishi, akasema anataka vikombe vya wageni. Wifi, ulivificha wewe. Ukanikalisha mbele ya wazee nikahojiwa kama mwizi wa kuku, na visahani viko chini ya kitanda chako."

Wifi alikuwa mwanamke wa vita, na watu wa namna hiyo wakibanwa ukutani hupigana na ukuta. "Sawa," alisema. "Nilivificha. Sikujaliwa mtoto, na wewe ulikuwa hujui hata kesho utakula nini. Mtoto wa kaka yangu angekufa njaa mikononi mwako. Nimemsomesha. Nimemvalisha. Mwangalie alivyo. Nilifanya kosa moja, mengine yote nimefanya vizuri. Lakini barua sizijui. Naapa sijawahi kuona barua hata moja."

"Ukisha kukamatwa na moja, unaapa kwa ya pili?" alisema mkwe, na akavuta kisahani cha uyoga upande wake, maana kuona makubwa kulimzidishia njaa.

Binti hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amezikusanya zile karatasi nane, anazisoma akiwa amesimama. Mdomo ulikuwa unacheza. Alipofika ya nne alikaa chini. Alipofika ya mwisho aliinua macho, na yalikuwa mekundu, lakini bado makali.

"Ya mwisho ni ya miaka kumi iliyopita," alisema. "Kwa nini uliacha? Barua nane, halafu kimya. Ulichoka?"

"Uliniambia niache."

"Mimi?"

Kijiko akageuka akaenda jikoni. Wengine walidhani amekimbia. Alirudi na pochi yake kuukuu, ile inayoning'inia nyuma ya mlango wa stoo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imechakaa hadi inapitisha mwanga. Alikuwa anatembea nayo miaka kumi.

Binti akaikunjua. Ilikuwa na mistari miwili: *Usiniandikie tena. Mama ninaye mwingine, na wewe unanitia aibu.* Chini yake, jina lake.

"Sikuandika mimi," alisema.

"Nipe nione," wifi alisema, akanyoosha mkono.

"Shangazi, huu si mwandiko wako. Wako naujua." Binti aliisogeza karatasi karibu na macho. Aliitazama ile herufi ya kwanza ya jina lake, iliyopigwa mkia mrefu kwa madaha. Mkia ule alikuwa ameuona mara tatu kila mwaka, miaka yote ya shule, chini ya ripoti, mahali palipoandikwa *sahihi ya mzazi*.

Akaishusha karatasi.

"Baba," alisema.

Mume wa wifi alikuwa anapangusa kisahani cha kamba kwa kipande cha mkate. Alimaliza kupangusa. Akatia mkate kinywani, akatafuna, akameza, akaweka uma chini.

"Naam," alisema.

"Huu ni mwandiko wako."

"Ni wangu."

"Barua zilikuwa zinakuja ofisini kwako," wifi alisema polepole. "Sanduku la posta la nyumbani ni la ofisini kwako." Alikuwa anajisemea mwenyewe. "Na tulipohama uliniambia lile sanduku la visahani limedondoka garini likavunjika vunjika."

"Magazeti yako yalikuwa yamechakaa," alisema mumewe. "Nikatumia karatasi zilizokuwepo, nikaliondoa. Nilitaka vyote vitoke nyumbani siku moja."

"Nani alikutuma uandike hii?" binti aliuliza. "Shangazi?"

"Shangazi yako hajui kitu. Hakuna aliyenituma." Hapo, kwa mara ya kwanza tangu aingie mgahawani, alimtazama Kijiko. Kijiko alikuwa na sababu ya kutomtazama yeye tangu mwanzo, na sasa sababu hiyo ilikuwa inavutiwa kiti mezani. "Kabla hujanihukumu, mwulize mama yako jibu alilonipa wiki tatu baada ya mazishi. Mwulize hilo, shemeji yangu huyu mtakatifu."

Macho yote yakamhamia Kijiko. Alijua mtego ulivyotegwa. Akinyamaza, binti ataamini kulikuwa na kitu kati yao. Akisema, atakuwa amesema mbele ya wifi yake, na kwa miaka kumi na miwili hilo ndilo alilolikwepa, maana nani angemwamini mwizi? Aliushika ule uzi wa kijiko kiunoni. Akamtazama binti yake peke yake, kama vile ukumbi mzima umekwenda nyumbani.

"Alikuja nyumbani kwangu mchana, ninyi mko sokoni," alisema. "Nilikuwa nakoroga uji jikoni. Akasema kikao kinakuja, na neno lake lina uzito. Nikimkubali kwa siri, mtoto atabaki kwangu. Nilimpa jibu. Nilimpa kwa mwiko uliotoka motoni, hapa." Akagusa mkono wake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko.

"Anazusha," alisema mume wa wifi. Lakini alikwisha kuuvuta mkono wa shati.

Wifi alikuwa anautazama ule mkono. Aliutazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama ufa ambao siku zote aliudhani ni mstari wa rangi.

"Lile kovu," alisema. "Uliniambia ulijiunguza na pasi."

"Ni pasi."

"Hujashika pasi tangu unioe," wifi alisema. "Mimi ndiye ninayekupigia pasi. Miaka ishirini na mitano."

Mkwe aliacha kutafuna. Tajiri, ambaye katika maisha yake yote ya kutunga hakuwahi kutunga kitu cha namna hii, alirudi hatua moja nyuma.

Wifi alisimama. Mkono wake ukakifuata kile kisahani cha ukingo wa kijani, ukakifumbata kwa nguvu, kidole gumba juu ya nukta nyekundu. Mumewe alikuwa kulia kwake. Kijiko alikuwa kushoto kwake. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa akiwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, aliyemdanganya na aliyelijua hilo akanyamaza, na ilionekana wazi kwamba hata yeye hajaamua.

Mkono ukarudi nyuma.

Kiti kikaanguka. Binti alikuwa ameizunguka meza, amesimama mbele ya Kijiko, mgongo wake ukigusa ile aproni, zile barua nane kazikumbatia kifuani.

"Mama," alisema bila kugeuka, "rudi nyuma."

Kijiko hakurudi. Neno hilo hakuwa amelisikia tangu mtoto ana miaka kumi, na miguu ilikataa kusogea.

Kisahani kikatoka mkononi.